Tilapia wa Ziwa Magadi wanaishije mle?

kijana_kajiado: Wadau naomba kueleweshwa, maji ya Magadi pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndio katikati) ni kama 10 na kuna chemchemi zinafika karibu nyuzi 40, wale samaki wadogo hawafi kwa nini?

ticha_bailojia: Joto ni sehemu tu, kazi kubwa ni amonia, taka yenye sumu inayotengenezwa mwilini. Samaki wengi wanaitoa kwa matamvua ila kwenye maji makali ya magadi haitoki vizuri, inarundikana mwilini inaua. Hawa wanaigeuza yurea, ile taka ya kwenye mkojo isiyo na sumu kali, na sio kwenye ini tu kama sisi, mpaka kwenye misuli! Halafu hiyo yurea inatoka nje kupitia matamvua.

mama_shani: Na usiku oksijeni ikipungua wanapanda juu kumeza hewa

kijana_kajiado: Aisee asanteni, kumbe yurea! Ziwa Natron kule Tanzania nako wapo?

ticha_bailojia: Wapo, ndugu zao kabisa.