Dereva alikuwa kwenye simu na mtu amekufa: familia ishike nini kwanza?

Katibu wa kikundi, Ngata

Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kusaidiana, hapa Kenya, kati ya Ngata na Salgaa karibu na Nakuru, kinaandaa karatasi ya ukurasa mmoja ya kuwapa wanachama. Barabara hii ya A104 imetuzikia watu wengi, na katika misiba mingi utasikia maneno yale yale: "dereva alikuwa kwenye simu." Kesi ikifika kortini, simu haitajwi hata mara moja. Bima nayo inalipa kidogo, au inakataa kabisa, na watoto wanabaki nyumbani kwa kukosa karo.

Tunaomba wanaoijua kazi hii watusaidie. Simu inathibitishwa vipi? Karatasi gani zishikwe wiki za kwanza? Fidia huhesabiwaje, ili mjane asitie sahihi pesa asizozielewa? Na ninyi mnaofundisha madereva, ni nini kinachopunguza jambo hili kweli? Mengi ya polisi na hongo tunayajua, tuyaache kando. Tunataka hatua.

Mkaguzi wa ajali, Kisumu

Katibu, anzeni na saa. Kesi ya simu husimama au kuanguka kwa dakika moja.

Chukua mfano. Rekodi ya kampuni ya simu inaonyesha dereva alipokea simu 18:42 na kuikata 18:44. OB (daftari la matukio la kituo cha polisi) nayo imeandikwa "mwendo wa saa moja jioni". Wakili wake atasimama aseme mteja wake aliongea, akamaliza, akaiweka simu, ndipo marehemu akaingia barabarani ghafla. Upande wa mashtaka hauna jibu, kwa sababu hakuna aliyeandika dakika ya ajali. Basi majeruhi wakishashughulikiwa, mtu mmoja tu pale mahali apewe kazi ya kukusanya saa: nani alipiga simu ya kwanza kuomba msaada (apige picha ya orodha ya simu zake kabla haijafutika), nani alipiga picha za kwanza, na kama kuna kamera karibu.

Kamera ni za vituo vya mafuta, supamaketi, malango ya shule na maghala. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya wiki chache, mingine baada ya siku chache tu. Usingoje matanga yaishe. Mwombe meneja asifute, mpe ombi hilo kwa maandishi, umwambie afisa mpelelezi aende na barua. Na kuna jambo dogo linalosahaulika: saa ya kamera mara nyingi imepotoka, hata kwa dakika kumi. Simu yako ikionyesha saa sahihi, mwingine apige picha simu hiyo na skrini ya kamera pamoja. Tofauti ya saa itajulikana, na video itapatana na rekodi ya simu. Video ikifika kortini iwe na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kutoka kwa anayesimamia mtambo huo. Video nzuri zimetupwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Gari likiwa matatu, basi au lori, ulizia traka (kifaa kinachorekodi gari lilipo na mwendo wake) na gavana (kidhibiti mwendo). Traka ikionyesha mwendo wa 74 km/h ukishuka hadi sufuri kwa mara moja, hapo ndipo ajali ilipotokea, na hakuna shahidi wa macho anayeweza kuwa sahihi hivyo.

Sasa simu yenyewe. Tafadhali msimpokonye dereva. Simu ikipita mikono mitano, wakili atauliza nani aliigusa na kufanya nini nayo. Mwambieni afisa aiorodheshe kama kielelezo na namba ya laini iandikwe. Rekodi za laini hiyo huombwa na mpelelezi kwa amri ya korti. Familia haiwezi kwenda kuzichukua dukani. Zitaonyesha simu zilizopigwa, muda wake, SMS na mnara uliotumika. Taarifa ya M-Pesa nayo ina saa ya kila muamala. Lakini WhatsApp na video hazisomeki humo. Utaona tu kwamba intaneti ilitumika. Hayo yanataka simu yenyewe ifunguliwe na wataalamu wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ndiyo maana nasema ishikwe siku ile ile.

Na msimpige dereva, wala msichome gari. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka asimame na aripoti. Mkimtisha akakimbia, amepata sababu ya kukimbia, na simu amekwenda nayo.

Barabara pia husema. Dereva aliyemwona mtu hukanyaga breki, au angalau hukata usukani. Pasipokuwa na alama yoyote ya tairi kabla ya mahali pa kugongana, na gari limesimama mita nyingi mbele, hiyo ni dalili kwamba hakuwa akitazama. Ni dalili, si uthibitisho: gari lenye ABS (breki zinazozuia magurudumu kukwama) huacha alama hafifu sana, na mvua huziosha. Pigeni picha mapema, mkiweka kitu cha kupimia kando. Andikeni pia jua lilikuwa wapi. Anayetoka Nakuru kuelekea Mau Summit jioni hukabiliana na jua usoni, na huo utakuwa utetezi wake wa pili. Wa tatu ni "breki zilikatika". Huo huamuliwa na ripoti ya ukaguzi wa gari, kwa hivyo gari lisirudishwe kwa mwenyewe kabla halijakaguliwa.

Wakili, Kakamega

Naongezea pale Mkaguzi alipoachia.

Kwanza mtofautishe kesi mbili. Ile ya trafiki ni ya Jamhuri. Faini ya Sh2,000 mnayoisikia ni ya kushika simu gari likiwa mwendoni. Kifo ni kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, kinachobeba hadi miaka 10 gerezani. Kukaa chini na familia ya dereva, mkala na kupokea ng'ombe, hakuifungi kesi hiyo kisheria. Ila mashahidi wakiacha kufika, inaanguka yenyewe. Mjue mnachofanya mnapokubali "tumalizane nyumbani". Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo hutumika kwenye kesi ya fidia chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi. Kwa hivyo fuatilieni kesi ya trafiki hata kama haiwaletei shilingi.

Kesi ya fidia ni yenu, na ina muda wa miaka 3. Karatasi zake: abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali) yenye namba ya gari na namba ya bima, ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha kifo, rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), risiti za mochari, jeneza na usafiri. Risiti jamani! Pesa za mazishi hudaiwa, na familia nyingi huzika bila hata karatasi moja. Halafu barua ya usimamizi wa mirathi. Ipo ya muda mfupi kwa ajili ya kesi tu. Huhitaji kungoja mirathi yote imalizike. Bila barua hiyo, upande wa madai ya mali ya marehemu hutupwa.

Wanaohesabiwa kuwa walimtegemea marehemu chini ya Sheria ya Ajali za Vifo ni mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hawamo. Kaka aliyekuwa akilipiwa karo na marehemu haingii, hata kama inauma.

Hesabu yenyewe ni hivi. Tuseme marehemu ni fundi wa mawe wa miaka 32, ana mke na watoto, na mapato yaliyothibitishwa ni Sh30,000 kwa mwezi. Korti huchukua 30,000 × 12 × miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, tuseme 20, kisha hupunguza hadi theluthi mbili kwa sababu theluthi moja angeitumia mwenyewe. Hiyo ni Sh4,800,000. Asiyeoa mara nyingi huhesabiwa theluthi moja. Miaka si lazima iwe 20. Hakimu huangalia umri, afya na aina ya kazi. Kisha huongezwa kiasi cha kupotea kwa maisha, ambacho kwa kawaida huwa karibu Sh100,000, na cha maumivu kabla ya kufa.

Palipo na shimo ni kwenye mapato. Mkikosa ushahidi, korti hushika mshahara wa chini wa kibarua, na pesa hukatika vibaya. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, daftari la chama, barua ya kontrakta, risiti za karo: zote zina uzito. Shimo la pili ni lawama. Wakisema marehemu alivuka pasipo kivukio na korti ikampa asilimia 30, zile 4,800,000 zinabaki 3,360,000. Hapo ndipo ushahidi wa simu unapolipa, kwa sababu dereva asiyetazama hawezi kumlaumu sana mtembea kwa miguu. Shimo la tatu: sheria hailazimishi kampuni ya bima kulipa zaidi ya Sh3,000,000 kwa kila dai. Zaidi ya hapo ni mfuko wa mwenye gari, kwa hivyo mshtakini yeye pamoja na dereva. Ilani kwa kampuni ya bima itoke kabla ya kufungua kesi, na mshike nakala yenye muhuri.

Na wale mabroka wanaowangojea mochari na fomu tayari, msiwape sahihi. Karatasi ya kupokea malipo ya mwisho ikishatiwa sahihi, kuirudisha nyuma ni vita.

Mkufunzi wa madereva, Nakuru

Nitajibu swali la mwisho. Madereva wengi hawaamini hatari mpaka waione kwa mita. Kwa 80 km/h gari linakwenda mita 22 kwa sekunde. Kusoma ujumbe kwa sekunde 3 ni mita 67 bila macho. Akiinua kichwa, mguu unachukua sekunde moja na nusu kufika kwenye breki: mita 33 nyingine. Kusimama kwenye lami kavu na breki nzima ni kama mita 36. Jumla mita 136. Sasa mweke mama anayevuka barabara ya mita 7 kwa mwendo wa kawaida. Anahitaji karibu sekunde 6, na gari katika sekunde 6 linakula mita 133. Aliliona likiwa mbali, akaamua vizuri, akafa. Naomba hesabu hiyo muiweke kwenye karatasi yenu, kwa sababu watu humlaumu marehemu bure.

Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi kwenye hatari ya ajali, na vifaa vya kuongea bila kushika simu havisaidii sana. Kichwa ndicho kimeondoka barabarani, si mkono peke yake.

Kwa sacco za matatu, chanzo kikubwa ni nauli ya M-Pesa. Ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu ya dereva, kila steji anaangalia kama abiria amelipa. Hamisheni till (namba ya kupokea malipo) isome kwa kondakta. Simu ya dereva ikae kwenye boksi la nyuma ya kiti, ikiwa kimya, na ofisi ya sacco ipige kwa kondakta pekee. Msimamizi anayempigia dereva aliye njiani kumuuliza "umefika wapi" ndiye anayevunja sheria yake mwenyewe. Hii ndiyo inayoshinda sacco nyingi, si nidhamu ya madereva. Abiria akiona simu, aseme mara moja, kwa sauti, na mwingine amuunge mkono. Mmoja akisema peke yake hushushwa.

Katibu wa kikundi, Ngata

Asanteni sana, haya ni zaidi ya tulivyotarajia. Mawili yamebaki: aliyegongwa akafia hospitalini baada ya wiki kadhaa, na bodaboda mwenye simu ndani ya helmeti.

Afisa wa kliniki, Vihiga

La kwanza hilo huharibu kesi nyingi. Mtu amevunjika paja, analala kitandani wiki nne, damu inaganda mguuni, donge linapanda mapafuni, anakufa. Cheti kikiandikwa donge la mapafu au nimonia peke yake, bima itasema ni ugonjwa. Mwambieni daktari wa maiti historia ya ajali, mkiwa na kadi za hospitali na P3 (fomu ya polisi ya majeraha), ili ripoti ionyeshe mnyororo wote kuanzia paja lililovunjika. Msizike bila uchunguzi huo. Kisha mrudi kituo kile kile cha polisi na ripoti ya kifo, kwa sababu faili yao bado inasoma majeraha. Wasipoambiwa, shtaka halibadilishwi. Hakikisheni jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya ajali vinafanana kwenye karatasi zote. Herufi moja tu ikitofautiana, mtasumbuliwa miezi.

Wakili, Kakamega

La bodaboda: hatua ni zile zile, ila bima mara nyingi imeisha au ni ya mwezi mmoja mmoja. Pigeni picha ya stika siku hiyo hiyo, tarehe zionekane. Mwendeshaji huwa si mwenye pikipiki, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hivyo tafuteni rekodi ya NTSA kwa namba ya pikipiki. Ikiwa haina namba, mwenyekiti wa steji anajua ni ya nani. Muulizeni mapema, mkiwa wawili, na muandike jibu lake.