Ushauri: Gredi 1 kwenye skuli ya Kikatoliki, wanasomeshwa nini hasa?

UmmuN_Mvita (mwenye uzi), 8 Machi 2026
Assalaam aleikum, na habari za jioni wana jukwaa wote. Nina binti wa miaka sita. Nafikiria skuli moja ya Kikatoliki hapa kisiwani Mombasa, sitaitaja jina. Nataka kujua kwa aliyepeleka mtoto au anayesomesha: Gredi 1 wanafundishwa nini hasa? Dini iko kwenye somo la dini peke yake, au imeingizwa mpaka kwenye hesabu na Kiswahili? Nimeuliza watu wawili watatu, kila mmoja ana lake. Sipati usingizi. Naomba majibu ya kweli.

Mwalimu_Tudor
Waalaikum salaam dada. Nasomesha madarasa ya chini mwaka wa kumi na moja sasa. Mtaala ni mmoja nchi nzima, skuli iwe ya padri, ya serikali au ya mtu binafsi. Baada ya masomo kupunguzwa, Gredi 1 mpaka 3 wana maeneo saba: Kiswahili, Kiingereza, lugha ya asili, hesabu, elimu ya dini, mazingira na sanaa. Kipindi ni dakika 30. Kwa wiki hesabu vitano, Kiingereza vitano, Kiswahili vinne, mazingira vinne, lugha ya asili viwili, sanaa saba (humo mna kuchora, kuimba na michezo), dini vitatu. Kuna kimoja zaidi cha malezi ya kiroho, aghalabu Ijumaa. Jumla 31.

Piga hesabu mwenyewe. Somo la dini ni saa moja na nusu kwa wiki nzima. Kwenye hesabu mtoto anajifunza makumi na mamoja kwa vifuniko vya soda, kupima urefu kwa shubiri, kuzijua sarafu na noti. Kwenye mazingira ni familia, hali ya hewa, udongo, mimea, maji. Kifuniko cha soda hakina dini.

Baharia_Likoni
Mwalimu umetaja lugha ya asili ukanigusa kidonda. Mjukuu wangu aliandika "ndiya" akatiwa alama nyekundu ya kosa, mwalimu akamwandikia "njia". Akasema "ndaa" akaambiwa hakuna neno hilo. Sisi Wamvita hiyo ndiyo lugha tuliyonyonya! Viwili hivyo vya lugha ya asili, watoto wetu wanasomeshwa lugha ya nani? Nilikwenda mpaka skuli kuuliza. Yule mwalimu, binti mzuri wa bara, akaniambia hajui kama kuna Kiswahili zaidi ya hicho cha kitabuni. Tukakaa chini ya mwembe nikamfundisha maneno kumi. Aliyaandika yote.

MamaPili
Mzee wangu, fungua uzi wako. Dada UmmuN, wewe ni Muislamu? Jina lako lasema hivyo lakini siku hizi majina hayasemi kitu.

UmmuN_Mvita
Dini yangu sioni kama inabadilisha swali. Nimeuliza wanachosomeshwa watoto.

MamaPili
Inabadilisha sana, mamangu. Mkatoliki akiuliza hivyo anataka kujua kama dini inatosha. Muislamu akiuliza anataka kujua kama imezidi.

Kijana_wa_Makupa
Na mwenye kuuliza karo ndiye mzazi halisi 😂 Mpaka sasa hajauliza.

Katekista_Changamwe
Dada, mimi ni Mkatoliki na nimelea watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, miaka mingi, kwa hiyo nitakwambia bila kukupamba. Hesabu ya Mwalimu Tudor ni sahihi, lakini ratiba haisemi yote. Ukipeleka mtoto kwetu, dini hataikuta katika vipindi vitatu tu. Ataikuta paredi ya asubuhi. Saa sita kengele inalia, kila mtu anasimama, wanasali Malaika wa Bwana. Kabla ya chakula wanafanya ishara ya msalaba. Darasani kuna msalaba ukutani. Jumapili ya Matawi ikikaribia, watoto wanasuka misalaba ya ukindu kwenye kipindi cha sanaa. Kwaresima kuna kopo la kuchangia maskini, wanahesabu shilingi zenyewe, na hiyo inakuwa ndiyo hesabu ya siku hiyo. Mwalimu wa mazingira akifundisha mimea atasema Mungu ameiumba tuitunze.

Hatuwafichi wazazi mambo haya. Ndiyo maana ya skuli kuwa ya Kikatoliki: tunaamini mtoto ni mmoja, hagawanyiki kwa vipindi. Ila jua hili pia. Mtoto habatizwi bila mzazi kuridhia, na mafundisho ya Komunyo ya kwanza yana utaratibu wake wa parokia. Hakuna atakayemwibia mtu mtoto.

Bint_Kisauni
Mimi Muislamu, nimesoma kwa masista darasa la kwanza mpaka la nane. Mchana nikivaa buibui naenda chuoni, yaani madrasa. Baba Yetu naijua yote mpaka leo, na Yasini naijua kwa moyo. Sista wetu wa darasa la pili alikuwa akitushika mkono kutufundisha kuandika herufi, mkono wake una joto na harufu ya sabuni ya kipande. Nilikuwa sijui "b" na "d" kabisa. Alinikatia karatasi ya msasa zile herufi mbili nikawa nazipapasa kwa kidole, macho nimefumba. Wiki moja tu nikazijua. Hilo sijalisahau.

Mpeleke dada. Chuo kisikatike, basi.

Abu_Twalib
Na wewe uliyenusurika unadhani wote watanusurika? Mtoto wa miaka sita hachuji. Skuli za Kiislamu ziko tele Mombasa, Gredi 1 wanasoma mtaala huo huo na somo lao ni la Kiislamu: Qur'ani, nguzo za imani, tabia njema, sira ya Mtume. Kwa nini tuzunguke?

UmmuN_Mvita
Kaka Abu Twalib, alikuwa huko miaka miwili. PP1 na PP2, madarasa ya chekechea. Alitoka hajui kusoma hata "baba". Silaumu dini ya skuli, darasa lilikuwa na watoto wengi na mwalimu mmoja. Lakini sasa anasoma. Juzi kanisomea kibao cha matatu chote, "Bamburi, Kiembeni, Mtwapa", mpaka kondakta akacheka.

MamaPili
Ngoja. "Sasa anasoma"? Jana ulikuwa unafikiria. Ameshaanza?

MamaPili
UmmuN, nimeona umeingia ukatoka. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema tukusaidie.

UmmuN_Mvita, 9 Machi, usiku
Haya. Ameanza Januari. Babake yuko Doha, tulikubaliana kwa simu, yeye hana neno. Asiyejua ni mamangu. Tunakaa kwake Kisauni, na karo hutoka mkononi mwake kwa sababu babake hutuma pesa kwake. Yeye anajua mtoto yuko skuli nyingine, ya Kiislamu, ile iliyo karibu na ninaposhonea, Mwembe Tayari. Magoti yanamsumbua, haji mjini. Sweta yenye nembo naiacha kwangu kazini.

Sikufanya kwa ubaya. Nilitaka asome kwanza, amsomee nyanyake kitabu kizima, halafu ndipo niseme. Nilijua nikisema mapema nitakatazwa. Na sitaki kumtoa, hilo nisishauriwe.

Kilichonitisha ni wiki ile ya 18 Februari. Jumatano ya Majivu na mfungo wetu vimeingia wiki moja mwaka huu. Nilipomfuata mchana nilimkuta langoni na alama ya jivu kwenye paji la uso. Kanambia, "Mama, wenzangu wote walipanga foleni, na mimi nikapanga." Nilimfuta ndani ya tuktuk kwa ncha ya leso na mate. Hakulia, alinitazama tu.

Kisha Ijumaa, tumekaa jamvini twangoja adhana tufuturu, mkono wake wa kulia ukapanda kwenye paji la uso. Nikaudaka, nikatia tende ndani ya kiganja. Mamangu alikuwa ameinama anamimina uji.

Katekista_Changamwe
Dada, jivu hatupaki kwa hila, mtoto akija kwenye foleni hupakwa. Lakini skuli ingejua kwamba nyumbani hakujakubaliwa, mwalimu angemwita kando akakaa naye. Uliwaambia?

UmmuN_Mvita
Kwenye fomu niliandika dini Uislamu. Mengine sikusema.

Abu_Twalib
Subhanallah. Shida yako si skuli tena. Unamfundisha mtoto kumdanganya nyanyake ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Mwalimu_Tudor
Hapo nakubaliana na Abu Twalib. Somo la dini la Gredi 1, la Kikristo na la Kiislamu, yote mawili yana mada ya kusema kweli. Mtoto anaisoma asubuhi, jioni anavuliwa sweta afiche. Watoto wa umri huo hawaijui siri kuwa ni siri, wanaijua kuwa ni hofu. Nimewaona darasani: akichora nyumba yao huacha kuchora mlango.

Kijana_wa_Makupa
Jamani mimi nimesoma tangu juu na nasema huu uzi ni wa kutunga. Miezi miwili mtoto wa miaka sita hajatamka hata jina la skuli mbele ya bibi yake? Wangu ana miaka mitano na siri ya keki ya bethidei hakuimaliza dakika mbili. Halafu tazameni: kila akijibu anaisifu skuli. Anasoma vibao! Darasa zuri! Huyu ni mtu wa skuli anatafuta wanafunzi wa muhula wa pili. Ikifika ukurasa wa tatu jina "litamponyoka".

Baharia_Likoni
Tarehe zake ni za kweli. Majivu yalikuwa tarehe 18 na mwezi uliandama wiki hiyo hiyo. Nakumbuka kwa sababu jirani yangu Mkatoliki alikuja kunisalimia mfungo naye ana jivu usoni.

Kijana_wa_Makupa
Mzee, tarehe hata mtunzi ana kalenda.

Bint_Kisauni
Tangazo gani linalosema mtoto alifutwa jivu kwa mate? Makupa, mwache mwenzio.

MamaPili
Hata mimi nimeanza kuona shaka kidogo, na nisamehewe nikikosea. UmmuN, mtoto huwa hamtaji mwalimu wake nyumbani?

UmmuN_Mvita
Humtaja kila siku. Humwita Sista. Mamangu anadhani ndilo jina lake, kama mtu kuitwa Siti. Ameniambia mara mbili, "Huyo mwalimu Sista mwambie namshukuru, mtoto anasoma."

Kaka wa Makupa, jina la skuli halitaniponyoka, kwa sababu nikilitaja mamangu atalisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwangu. Ila nitakueleza daftari lililo mbele yangu sasa hivi. La mazingira, jalada la kijani, nimelificha chini ya vitambaa. Ukurasa umeandikwa "Familia yangu". Kachora watu watatu. Mimi niko pembeni na cherehani, babake yuko juu ndani ya kitu kama ndege. Katikati kuna duara kubwa jeusi limejaza karatasi nzima mpaka penseli imetoboa, lina macho mawili. Ni mamangu na buibui lake. Mwalimu kaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Vizuri sana. Nyanya anaitwa nani?" Na yeye kajibu kwa herufi zake, "nya nya".

Nimelificha wiki tatu. Ni picha ya kwanza aliyomchora nyanyake na mwenyewe hajaiona.

Kijana_wa_Makupa
Sawa. Kama ni kweli nimekukosea, samahani dada. Kama si kweli una kipaji.

Wakili_Ganjoni
Kwa faida ya uzi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa skuli, kama kanisa, kazi ya malezi ya kiroho, lakini papo hapo alinde dini za wengine. Mambo haya si mepesi mahakamani: kesi ya Isiolo, ya wanafunzi Waislamu kuvaa hijabu kwenye skuli ya kanisa, ilishinda Mahakama ya Rufani 2016, ikaja kutenguliwa Mahakama ya Juu 2019. Kwa mtoto wa Gredi 1 huhitaji kesi. Andika barua nusu ukurasa kwa mwalimu mkuu, eleza mtoto asishirikishwe sala, majivu na ishara ya msalaba. Uliza watoto Waislamu wakati wa kipindi cha Ijumaa hukaa wapi. Ila kwanza mamako. Barua yenye siri nyuma yake haina nguvu.

Abu_Twalib
Mimi bado nasema mtoe. Lakini kama humtoi, mwambie mama mwenyewe, kwa mdomo wako, baada ya futari, si kabla. Mtu mwenye njaa hasikii.

MamaPili
Na usiende na maneno. Nenda na daftari.

UmmuN_Mvita, 12 Machi
Nimerudi kwa sababu mlinikalia usiku kucha na mimi.

Nilimpa daftari jana baada ya tarawehe. Akavaa miwani. Akatazama lile duara jeusi muda mrefu, akauliza, "Huyu ni mimi?" Mtoto akasema ndiyo, halafu bila kuambiwa akamsomea ukurasa mzima, neno kwa neno, kidole kikifuata. Alipofika maneno ya mwalimu akasema, "Hapa kaandika Sista, Nyanya anaitwa nani." Nikaona hapo hapo. Nikasema Sista si jina. Nikasema yote, jivu pia.

Mamangu hakupaza sauti. Alisema, "Wewe umenichukua mimi mtu wa namna gani?" Akaenda kulala. Daku alinipakulia lakini hakusema nami. Mpaka sasa hivi hajasema nami.

Barua nimeipeleka leo. Mwalimu mkuu ameisoma mbele yangu. Amesema darasani kwa binti yangu wako Waislamu saba, kipindi cha Ijumaa huwa maktaba, na kwa jivu ameomba radhi. Amesema kitabu cha dini ya Kiislamu cha Gredi 1 nikinunua wao watamwekea muda wa kukisoma, mwalimu wa kumsomesha hawana.

Bint_Kisauni
Kitabu ninacho, cha mtoto wangu, ameshapanda gredi. Nitumie ujumbe wa faragha nikuletee hapo Mwembe Tayari. Mama bado hajasema kitu?

UmmuN_Mvita
Ahsante dada yangu, nakutumia sasa hivi. Hajasema. Ila sweta nilikuja nayo nyumbani jana, nikaiacha juu ya kiti. Nimeikuta imefuliwa, imeanikwa kwenye kamba ya uani, nembo iko nje.