Maltese, Shih Tzu, Chihuahua au Spitz: mbwa mdogo yupi atafaa ghorofani Dar, nyumba yenye bibi na mtoto?

Mama Tumaini (Dar es Salaam):
Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari zenu. Naomba mnisaidie kuchagua. Tunaishi Sinza ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza chembamba kinachopigwa jua mchana kutwa. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, kurudi saa moja usiku kwa sababu ya foleni. Binti yangu ana miaka saba. Mama yangu, miaka 68, amehamia kwetu tangu baba afariki, na akishaondoka mtoto kwenda shule anabaki peke yake. Wazo la mbwa ni lake. Kule Moshi alizoea mbwa uani, hapa anasema nyumba imenyamaza mno. Magoti yanamsumbua, ngazi hawezi kupanda na kushuka mara nyingi. Nimeshaangalia aina hizo nne na kila muuzaji ananiambia wa kwake hana shida yoyote. Mliowafuga kweli mnasemaje?

Jirani wa South B (Nairobi):
Pole sana kwa msiba, Mama Tumaini. Mimi nina Spitz wa Kijapani, dume wa miaka minne. Ni mbwa mwenye furaha tele na anapenda watoto. Wajapani walianza kumkuza miaka ya 1920 kutokana na spitz weupe wa Ujerumani, na manyoya yake yana ajabu moja: akirudi na tope miguuni, ukimwacha likauke linapukutika lenyewe, unafagia tu. Namwogesha mara moja kwa mwezi na bado ni mweupe pe.

Lakini nikwambie ukweli, anabweka. Bodaboda ikisimama getini, anabweka. Mtu akipita kwenye ngazi, anabweka. Nilitumia miezi mitano nikimfundisha kunyamaza kwa vipande vya maini makavu, na hata sasa jirani wa chini hunipigia simu mara mojamoja. Halafu ana manyoya mawili, ya juu marefu na ya ndani kama pamba. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Julai analala vizuri kuliko mimi. Dar na unyevu wenu, sijui kama ningethubutu.

Mtoto wa Upanga (Dar es Salaam):
Dada, mimi nina Shih Tzu na nampenda kama mwanangu. Ndiyo maana nitakuandikia kilichonipata mwaka jana mwezi wa pili.

Umeme ulikatika saa saba mchana, nami niko kazini. Dada wa nyumbani akanipigia simu kwamba mbwa anahema vibaya. Nilipofika nilimkuta amejilaza kwenye vigae vya bafuni, miguu ameinyoosha nyuma kama chura, ulimi umekuwa mpana na rangi yake inaelekea zambarau. Anavuta pumzi unasikia kama mtu anayekoroma macho wazi. Tukammwagia maji ya bomba mwili mzima, nikampepea kwa sinia huku tukisubiri bajaji. Daktari alisema tungechelewa nusu saa tu tungempoteza.

Tangu siku ile nimenunua feni ya betri, na matembezi ni kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa mbili usiku. Mbwa mwenyewe ni mpole, hana kelele, anapenda kulala miguuni mwa mtu. Kwa tabia angemfaa mama kabisa. Kwa joto la Sinza ghorofa ya tatu, bila uhakika wa umeme, siwezi kukushauri.

Daktari wa Njiro (Arusha):
Nimetibu mbwa kwa miaka mingi, naomba niongeze hapo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, hewa ikipita puani na kwenye ulimi uliolowa. Shih Tzu, Pug na wenzao wa pua fupi wamebanwa njia hiyo tangu kuzaliwa: tundu za pua nyembamba, nyama ya kaakaa ndefu kuliko nafasi yake. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Alichofanya ndugu wa Upanga, maji na upepo kwanza ndipo safari, ndicho kilichomwokoa mbwa wake. Na macho ya Shih Tzu yamechomoza, mkwaruzo mdogo wa kucha unaweza kuwa kidonda. Ukiona jicho moja amelifumba, mlete siku hiyohiyo.

Sasa, Mama Tumaini, mimi nisingeanza na aina ya mbwa. Ningeanza na saa zenu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu. Nani atashuka naye ngazi mara sita mchana? Wewe uko kazini na mama ana magoti. Itabidi afundishwe kujisaidia kwenye trei au magazeti pale kibarazani, kwa kivuli, na kwa mbwa wa kilo tatu nne hilo linawezekana kabisa. Au mchukue mbwa mzima wa miaka mitatu minne ambaye tayari anajua taratibu za nyumba. Watu hudhani mbwa mzima hapendi mabwana wapya. Nimeona wengi wakizoea ndani ya wiki chache tu.

Mkienda kwa muuzaji, ombeni kumwona mama wa watoto. Anayetaka mkutane kituo cha mafuta akiwa na mtoto wa mbwa ndani ya boksi, muacheni. Mtoto asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Chanjo ya parvo (virusi vinavyowaharisha damu watoto wa mbwa) na wenzake hurudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka afikishe miezi minne, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Hata kama hatoki nje ya mlango wenu.

Msukuma wa Nyakato (Mwanza):
Chihuahua: usichukue, kwa sababu ya mtoto. Wangu ana kilo mbili na nusu. Mpwa wangu wa miaka sita alimbeba, akamponyoka kutoka kwenye kochi, mguu wa mbele ukavunjika. Wiki sita za bendeji. Mtoto hakuwa na nia mbaya, alimpenda tu. Mbwa huyu anafaa nyumba ya watu wazima watulivu, na huko huishi miaka mingi, 14 na zaidi si ajabu. Na akitokea mtu anakuuzia "Chihuahua wa kikombe cha chai", hiyo si aina, ni mbwa aliyezaliwa mdogo kupita kiasi. Sukari yake ya damu inashuka akikosa mlo mmoja.

Binti wa Makadara (Mombasa):
Assalaam aleikum. Kuna jambo wengi hawalisemi. Majirani zako wa ngazi ni kina nani? Mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Simchukii mbwa, kumtesa ni dhambi kwetu pia. Lakini jirani yangu alimwacha wake akimbie kwenye ngazi bila kamba wakati wazee wanatoka kuswali, ukawa ugomvi wa miezi. Siku alipokuja mwenyewe kuniuliza nakwenda msikitini saa ngapi, akabadilisha saa za kumtoa, yalikwisha. Pita milango yote kabla mbwa hajafika, mamaangu. Na mwenye nyumba akupe ruhusa kwa maandishi.

Mzee wa Kibosho:
Wanangu, mbona hakuna aliyemtaja mbwa wetu wa kienyeji? Tuache kuwaita koko. Wazungu wa enzi za ukoloni waliwaita mbwa shenzi, nasi tukaendelea nalo. Na bado Waingereza hao hao miaka ya 1930 walichukua mbwa wa Kongo, wakamwita Basenji, leo anauzwa ghali Ulaya kwa sababu habweki, anatoa sauti kama ya kuimba. Wa kwetu wapo wadogo wa kilo nane, kumi, nywele fupi, pua ndefu, joto analiweza. Nimefuga tangu utoto, hawakuwahi kunilaza macho.

Daktari wa Njiro:
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono, na chotara pia wazuri. Ila huyo naye anaugua magonjwa ya kupe, msimwache bila dawa. Ufizi ukipauka au damu ikitoka puani, ni hospitali. Kwa ghorofa, angalieni asiwe na hamu kubwa ya kukimbia.

Mama Tumaini:
Nimesoma yote na nimemsomea mama kwa sauti jana usiku. Spitz nimemwondoa kwa kelele na manyoya, Shih Tzu kwa joto, Chihuahua kwa ajili ya binti yangu. Mzee wangu wa Kibosho, mama alitabasamu kusikia jina la kijiji, ila anasema anataka wa kumpakata. Imebaki Maltese. Ana pua ya kutosha? Na yale manyoya?

Fundi Cherehani (Tanga):
Nina Maltese wawili, kwa hiyo hili nalijua. Pua yake si ndefu ila si ile ya kubanwa, anahema vizuri. Kilo tatu hadi nne. Hana manyoya ya ndani, hapukutishi sana, nywele zinakua tu kama za mtu. Hapo ndipo kazi ilipo. Usipomchana kila siku, nywele zinasokotana nyuma ya masikio na kwapani, zinashikana mpaka kwenye ngozi, chini yake panatoka vidonda. Mimi huwachana wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili: kitana cha chuma, naanza ncha za nywele kwanza, fundo nalifungua kwa vidole kabla ya kitana. Hapohapo napapasa kupe kati ya vidole vya miguu na ndani ya masikio. Chini ya macho hutoka alama za kahawia, nafuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu.

Ukizikata fupi mwili mzima, sentimita mbili hivi, kazi inapungua zaidi ya nusu na kwenye joto anapata nafuu. Wauzaji hawatakwambia, wanapenda picha ya nywele ndefu. Kwa mtu aliye nyumbani mchana na mikono iliyozoea kusuka, huyu ndiye. Hapendi tu kuachwa peke yake, na kwenu hataachwa.

Shoga yangu mmoja huku Tanga ana jike la miaka minne, limeshafungwa uzazi, limezoea trei. Anahamia kwa wanawe na hawezi kulichukua. Anataka mtu mwenye mtu nyumbani. Nimwambie?

Mama Tumaini:
Mwambie, dada yangu, nakuomba. Nimepita milango tisa ya ngazi yetu jana na leo. Nane wamekubali, na Bi mmoja wa ghorofa ya pili ameomba tu mbwa asipite saa za magharibi, nimemwahidi. Mwenye nyumba ameandika. Binti yangu ameshaelezwa kwamba mbwa atapakatwa mtu akiwa amekaa chini sakafuni, si kwenye kochi.

Jumamosi tutapanda basi la asubuhi kuja kumwona, mama naye anakuja. Amekata kanga yake ya zamani vipande vinne, anasema harufu yake ibaki huko Tanga wiki moja kabla hatujamchukua. Nauliza jambo moja la mwisho: hicho kitana cha chuma, meno yake yawe mapana kiasi gani?

Fundi Cherehani:
Upande mmoja mapana, upande mwingine ya karibu karibu. Usinunue, ninacho cha ziada, nitampa mama mkononi.