Kwenda Iringa kwa baiskeli peke yako: Kitonga au Mtera?

MsafiriTaratibu
Wakuu, habari za majukumu. Agosti nataka kwenda Iringa kwa baiskeli, peke yangu, mizigo kwenye kariya. Kutoka Dar napanda basi, halafu naanza kuendesha ama Morogoro ama Dodoma. Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 310 kupitia Mikumi na mlima Kitonga. Dodoma hadi Iringa ni kama 260 kupitia bwawa la Mtera. Zote lami. Umbali haunitishi. Ninachowaza ni ile siku mwili unagoma, jua la saa nane linakuwakia, na huna mwenzako wa kukwambia twende. Njia ipi ina siku ngumu zaidi?

Mnyalukolo
Mkuu, zote nimezipita, na uchovu wake haufanani.

Njia ya Mikumi inakuchosha akili kabla ya miguu. Hiyo ndiyo barabara ya malori ya Tunduma na Zambia, mchana na usiku. Lori likikupita kwa karibu, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Saa nzima ukiendesha hivyo mabega yanakakamaa. Halafu kuna kipande kama cha kilomita 50 kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi. Tembo, nyati na simba wako pale kweli, kwa hiyo baiskeli ipandishe kwenye gari na usione aibu.

Baada ya Mikumi mjini kuna vilima vya Iyovi, kisha unaingia bonde la Ruaha Mbuyuni. Joto la pale ni zito, hata Agosti. Lala hapo hapo. Kuna gesti, kuna chakula, vitunguu vimejaa barabarani. Ukitaka kuunganisha bonde na mlima siku moja, utafika Kitonga mchana ukiwa umekauka, na mlima ule hauna huruma: kona kali, barabara nyembamba, lori limeharibika upande mmoja na jingine linateremka upande wa pili. Uufikie asubuhi. Shuka usukume pale inapobidi. Ukishafika juu, Ilula hiyo, hewa imebadilika kabisa.

Njia ya Mtera nitarudi kuieleza, nipo kazini.

KijanaWaKilolo
Kitonga mbona rahisi, dandia lori linalopanda taratibu, shika chuma cha nyuma, unafika bila jasho.

DadaGia
Kaka Kijana, tafadhali usimshauri mtu hivyo. Lori likibadilisha gia linashtuka, na wewe una mkono mmoja tu kwenye usukani na mzigo nyuma. Pale kando ni korongo.

Msafiri, mimi ni mwanamke na huwa nasafiri mwenyewe. Ningechagua Mtera. Magari ni machache, unasikia gari likija. Shida yake ni maji. Mlowa, Fufu, Chipogoro, ukitoka hapo vijiji vinaachana. Kila penye duka jaza chupa zote, hata kama bado zina maji. Jua likikuzamia njiani, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, jitambulishe, omba pa kulala. Sijawahi kunyimwa. Kulala porini bila mtu kujua uko wapi, hapana.

FundiSpoki
Njia ya Mtera ina miiba ya migunga, hasa ukitoka nje ya lami kupumzika kivulini. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Tairi za inchi 26 na 28 utazipata kwa mafundi wa vijijini. Saizi nyingine, beba ya akiba kutoka Dar.

MsafiriTaratibu
Asanteni sana. Dada Gia, umenisaidia mno. Mnyalukolo, nakusubiri.

Mnyalukolo
Nimerudi. Ukitazama ramani, siku ya Dodoma–Mtera ni mteremko: Dodoma iko juu ya mita 1,100, Mtera kama 700. Ila Agosti upepo unatoka kusini-mashariki, nawe unaelekea kusini. Unakanyaga pedali kwenye mteremko kana kwamba unapanda. Huo ndio uchovu unaovunja moyo, maana huoni mlima wa kuulaumu. Toka Dodoma kabla hakujapambazuka vizuri, maana mchana upepo unazidi.

Mtera barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Kula perege wa kukaanga na ugali, ulale mapema. Kutoka pale hadi Iringa unarudi juu karibu mita 900, na sehemu kubwa ya kupanda iko milima ya Nyang'oro, baada ya Izazi. Usijaribu kuimaliza milima hiyo mchana wa siku ile ile uliyofika Mtera.

Kwa mtu wa peke yake nasema Mtera. Siku ikikushinda, unaweza kusimama chini ya mbuyu nusu saa bila kuhofia lori. Kitonga huna pa kusimama.

MsafiriTaratibu
Basi naanzia Dodoma. Fundi, tairi zangu ni inchi 29, je, ya akiba nibebe moja au mbili?

FundiSpoki
Moja inatosha, lakini tyubu ziwe tatu.