Nauziwa studio Dubai nikiwa Mombasa, sijawahi kufika huko. Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Mwana_wa_Tudor

Wadau, salamu. Naomba ushauri wa kweli, hata kama utauma.

Mwaka huu tumeuza nyumba ya marehemu baba na kugawana. Fungu langu ni shilingi milioni 12. Nina miaka 46, nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa bandarini, mke na watoto watatu. Sina deni.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye hoteli moja Nyali. Chai, sambusa za nyama, skrini kubwa, vijana wamevaa suti na mikono imejaa karatasi. Wanauza fleti za Dubai ambazo bado hazijajengwa. Mimi nimepigiwa hesabu ya studio moja Jumeirah Village Circle kwa dirhamu 600,000. Asilimia 60 nalipa kidogo kidogo kwa miezi 30 jengo likipanda, asilimia 40 siku ya kukabidhiwa ufunguo. Wanasema kodi ya pango imehakikishwa asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na kwamba mnunuzi anapata viza ya miaka 10. Ofa inafungwa Ijumaa, baada ya hapo bei inapanda.

Maswali yangu: mgeni kama mimi anamiliki kweli au anakodishwa tu? Yawezekana kununua bila kwenda? Na nitajuaje siibiwi? Mke wangu ameshatoa hukumu yake: tununue ploti Mtwapa tulale usingizi.

Kahawa_Tungu

Sambusa ni za bure, fleti ndiyo ya kulipia. Msikilize mama watoto.

Fundi_wa_Deira

Mkuu, mimi ni Mtanzania, niko Dubai mwaka wa 11 sasa, biashara yangu ni mizigo lakini nimeshuhudia ndugu wengi wakinunua. Ngoja nikujibu kwa utaratibu maana humu watu watakutisha bure.

Kumiliki unamiliki. Tangu sheria ya mwaka 2006 mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja, hati kwa jina lake, ila katika maeneo yaliyotengwa tu. JVC, yaani hiyo Jumeirah Village Circle yako, ni mojawapo, pamoja na Marina, Business Bay na kwingineko. Kwa hiyo hapo hujadanganywa. Bila kwenda pia inawezekana: mkataba unasainiwa kwa mtandao, nakala ya pasipoti, na ununuzi unaandikwa kwenye daftari la muda la Idara ya Ardhi. Usajili huo wanauita Oqood. Jengo likiisha ndipo unapewa hati kamili. Idara inachukua asilimia 4 ya bei. Je, hiyo walikutajia pale hotelini? Kwa studio yako ni dirhamu 24,000.

Sasa la kuibiwa. Baada ya watu kulizwa, serikali ilitunga sheria ya mwaka 2007 kwamba kila mradi unaouzwa kabla ya kujengwa lazima uwe na akaunti yake maalumu benki, kwa jina la mradi wenyewe. Hela yako inaingia humo, na mjenzi anachota kadiri kazi inavyosonga. Hata akimaliza, asilimia 5 inabaki humo mwaka mzima kwa ajili ya kasoro zitakazojitokeza. Ukilipa nje ya akaunti hiyo, ulinzi huo haukuhusu.

Pakua programu inaitwa Dubai REST, ni ya Idara ya Ardhi. Tafuta jina la mradi. Utaona umesajiliwa au la, na ujenzi umefika asilimia ngapi. Halafu mwambie huyo kijana akutumie namba yake ya usajili wa udalali. Dalali wa kweli Dubai ana kadi, na inaonekana humo humo. Asiye nayo ni mpiga debe.

Mama_Salim_Kisauni

Kaka yangu wa Tudor, mie nina studio huko tangu 2019, nilinunua ikiwa imekwisha kujengwa. Siringi, nataka nikupe hesabu ambayo mie nilipewa nimeshachelewa.

Yangu ni futi za mraba 420. Kila mwaka kuna ada ya huduma: lifti, walinzi, bwawa la kuogelea ambalo sijawahi kutia hata kidole. Yahesabiwa kwa futi. Kwangu ni dirhamu 16, ndio 6,720 kwa mwaka, awepo mpangaji asiwepo. Kodi napata 42,000. Anayenisimamia achukua asilimia 6, hiyo ni 2,520. Matengenezo, weka 1,500 mwaka mzuri (kiyoyozi kikifa, sahau). Yabaki 31,260. Gawanya kwa bei yako ya 600,000 ukiongeza na ile asilimia 4 ya ardhi, wapata asilimia 5. Fleti ikikaa tupu mwezi mmoja tu, ni 4 na kitu. Hiyo 8 ya kwenye skrini ni kodi tupu kabla mtu hajaigusa, au ni pesa yako mwenyewe imeongezwa kwenye bei kisha warudishiwa kwa kijiko.

Muulize "imehakikishwa" na nani. Na mjenzi? Yamo kwenye mkataba? Au ni kauli ya mdomo wa mwenye suti?

Mie sijutii, huko hawakati kodi ya mapato kwenye pango la mtu binafsi, na mpangaji wangu alipa kwa hundi bila kukimbizana. Lakini wallahi mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua daftari leo.

Kahawa_Tungu

Mama Salim umeua. Na ile viza? Miaka 10 ni kwa mwenye mali ya kuanzia dirhamu milioni 2. Yeye ana laki sita. Apige hesabu mwenyewe.

Mwana_wa_Tudor

Ahsanteni sana. Mama Salim, hesabu yako nimeinakili.

Niseme ukweli wote sasa. Nilishatoa shilingi 100,000 ya kushikilia chumba. Nilimtumia yule kijana kwa M-Pesa siku ile ile pale hotelini. Alisema itakatwa kwenye malipo ya kwanza. Risiti ni ujumbe wake wa WhatsApp, "Received boss" na alama ya dole gumba.

Ndovu_Mkuu

Kaka. Wewe ni wakala wa forodha. Mtu akikuletea kontena na karatasi ya dole gumba ungemtolea mzigo?

Fundi_wa_Deira

Tusimcheke, wengi wanatumbukia hapo hapo. Hela za kuweka nafasi zina utaratibu: unajaza fomu ya mjenzi yenye namba ya chumba, unalipa kwa mjenzi au kwenye akaunti ya mradi, unapewa risiti yenye jina lako. M-Pesa ya mtu binafsi haina mahali kwenye mnyororo huo. Mwombe fomu. Kama chumba kimeshikiliwa kweli, fomu ipo.

Wakili_Mstaafu

Nimefanya kazi ya mikataba Nairobi muda mrefu, sasa nimepumzika. Ndugu, mimi sitazungumzia wizi. Tuseme kila kitu ni halali. Bado una tatizo, na tatizo ni ile asilimia 40 ya mwisho.

Dirhamu moja leo ni kama shilingi 35. Asilimia 60 ni dirhamu 360,000, yaani milioni 12.6. Ongeza ada ya usajili, laki nane na nusu hivi. Fungu lako limekwisha na mshahara umeanza kuguswa, na ufunguo bado hujauona. Siku ya ufunguo unadaiwa dirhamu 240,000, milioni 8.4. Zitatoka wapi?

Utaambiwa benki ya huko itakukopesha. Inawezekana, lakini mtu anayeishi nje ya Emirati mwenye mapato ya shilingi huchujwa sana, na kanuni za benki kuu yao haziruhusu mkopo kuvuka asilimia 50 ya thamani kwa nyumba ambayo haijakamilika. Usijenge maisha juu ya mkopo ambao hujauomba.

Na hiyo milioni 8.4 ni kwa shilingi ya leo. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, haiyumbi. Inayoyumba ni ya kwetu. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Kwa bei ile deni lako la mwisho lingekuwa zaidi ya milioni 10 bila mjenzi kuongeza hata senti.

Ukishindwa je? Sheria yao namba 13 ya mwaka 2008, pamoja na marekebisho yake, inasema hivi kwa ufupi: mjenzi anaiarifu Idara ya Ardhi, unapewa notisi ya siku 30. Ukikwama, mkataba unaweza kuvunjwa, na mjenzi anabaki na sehemu ya thamani ya mkataba. Jengo likiwa chini ya asilimia 60, hadi asilimia 25. Likiwa limepita hapo, hadi asilimia 40. Angalia vizuri: ni asilimia ya thamani yote, si ya ulicholipa. Kwako ni hadi dirhamu 240,000. Unakwama mlangoni na milioni 8.4 imekwenda, tena kwa sheria, bila mwizi yeyote.

Ndovu_Mkuu

Hii ndiyo posti ya uzi huu. Nami nilidhani hatari ni matapeli tu.

Jirani_wa_Mutrah

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, wazee wetu wa Unguja. Naongeza jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia.

Ammi yangu alinunua fleti Dubai kwa jina lake peke yake, akafariki. Watoto wako Maskati, Unguja na mmoja Uingereza. Fleti ile ilikaa zaidi ya mwaka haikodishwi wala haiuzwi, ada ya huduma ikipanda, mpaka mahakama ya huko ilipopokea vyeti vya mirathi, vimetafsiriwa Kiarabu na kupigwa mihuri ofisi moja baada ya nyingine. Mali ya mwenyewe, warithi wanajulikana, na bado watu wamechoka. Basi zungumza na mkeo kabla ya kusaini, ajue jina la jengo, namba ya chumba na karatasi ziko wapi.

Na kama utamtuma mtu akupokelee ufunguo, utahitaji kumpa uwakala. Unaandikwa mbele ya mthibitishaji kwenu, unapita wizara ya mambo ya nje Nairobi, kisha ubalozi wa Emirati, kisha wizara yao Dubai, pamoja na tafsiri ya Kiarabu. Andika kazi yake moja baada ya moja: kupokea ufunguo, kukagua kasoro, kusajili mkataba wa mpangaji. Usimwandikie kuuza. Hata akiwa ndugu. Hasa akiwa ndugu.

Bahari_Nyeusi

Mnamtisha mno. Mimi nilinunua kwa ramani 2020, corona imepamba moto, nikauza kabla ya kukabidhiwa na nikapata faida nzuri. Dubai haijalala.

Wakili_Mstaafu

Hongera, na uliuza kwa ridhaa ya mjenzi, maana wengi hawatoi barua ya kutokuwa na pingamizi mpaka uwe umelipa kiasi fulani, mara nyingi asilimia 30 au 40. Ulikuwa na pumzi ya kufika hapo, na 2020 bei zilikuwa chini. Waliokuwa huko 2008 walinunua bei ikiwa juu, mwaka uliofuata thamani ikaporomoka kwa nusu na miradi kadhaa ikafutwa. Soko ni lile lile.

Mama_Salim_Kisauni

Na kaka, kama roho yako bado iko Dubai, tazama iliyokwisha kujengwa, hata kama ni ndogo, hata mtaa wa International City. Yaonekana, yakodishwa, ada yake ya miaka iliyopita yajulikana. Kwa kiasi ulicho nacho usiende juu ya kile unachoweza kulipa chote. Ukimtaka mpangaji atoke kwa sababu wataka kuuza, notisi ni miezi 12 kwa maandishi rasmi, kwa hiyo uliza kama ndani mna mtu.

Mwana_wa_Tudor

Nimerudi, Jumamosi leo. Ijumaa ilipita na dunia bado ipo.

Nilipakua ile programu. Mradi upo kweli na umesajiliwa. Ujenzi uko asilimia 7. Nikamwomba kijana namba ya udalali, akaniuliza, "Kwani huniamini?" Nikamwomba fomu ya chumba. Kimya siku mbili. Nikapiga simu ofisi ya mjenzi mwenyewe Dubai, dada mmoja akaangalia: chumba hicho hakijashikiliwa na mtu, na jina la kijana hawalijui. Hata bei haikuwa 600,000, ilikuwa 571,000.

Nikamwandikia kijana kwamba naenda polisi Nyali. Baada ya saa moja zikarudi 60,000 kwa M-Pesa. Arobaini anasema ni "gharama za usindikaji". Sijamaliza naye.

Nimemwonyesha mke wangu hesabu ya ile milioni 8.4. Hakunicheka, alininyang'anya kalamu akaanza kujumlisha mwenyewe. Tumekubaliana hakuna kununua cha kwenye ramani. Nimekata tiketi ya mwezi ujao, siku nne, nikazione kwa macho zilizokwisha. Fundi wa Deira, utakuwepo? Na ploti ya Mtwapa pia tumeenda kuitazama leo asubuhi, nayo ina mambo yake, nitafungua uzi mwingine.

Fundi_wa_Deira

Nipo mkuu. Fika Jumatatu, Ijumaa ofisi za serikali ni nusu siku na wikendi ni Jumamosi na Jumapili. Hoteli chukua mtaa wa Deira, usikubali ya dalali. Na panga tuingie kwenye hayo majengo saa mbili usiku, tuhesabu madirisha yenye taa.