Land Cruiser 200 yenye mzigo, Dar hadi Musoma kupitia Serengeti: niweke upepo kiasi gani?

Mwenye gari, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao nasafiri na familia kwenda Musoma, na badala ya kupita Dodoma na Singida tumeamua kupita Arusha, Karatu, Ngorongoro na Serengeti ili watoto waone wanyama, kisha tutokee geti la Ndabaka. Gari ni Toyota Land Cruiser 200, matairi ni 285/60R18, na tutakuwa watu saba pamoja na mizigo, mingine ikiwa juu kwenye keria.

Kinachonisumbua ni upepo wa matairi. Kijana wa kituo cha mafuta alisoma ubavuni mwa tairi akaona 51 psi (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo), akanijazia 45 kwa maelezo kwamba gari kubwa linataka upepo mwingi. Tangu siku hiyo gari linaruka kwenye kila tuta, na mvua ikinyesha nyuma kunateleza kwenye kona. Fundi wangu wa pancha naye anasema kwa kuwa nakwenda kwenye vumbi, niweke 25 tangu nyumbani. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 33, mbele na nyuma. Nimfuate nani, na je, namba hiyo moja inatosha kwa lami na vumbi, gari likiwa tupu na likiwa limejaa?

Fundi wa matairi mstaafu, Morogoro

Ndugu yangu, anza na kibandiko, kwa sababu waliokiandika ndio waliolipima gari lako. Ile 51 ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, yaani upepo ambao hutakiwi kuuvuka, na mtengenezaji wa tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Ukijaza kufikia huko, tairi linavimba katikati, linakanyaga kwa sehemu nyembamba, na kashata, yaani meno ya tairi, za katikati zinaisha mapema huku za pembeni zikiwa bado mpya. Huko kuteleza kwa nyuma wakati wa mvua nako ni matokeo yake.

Hiyo 33 ni ya tairi baridi. Baridi maana yake gari limelala, au limesimama kivulini kwa muda wa saa tatu au zaidi, wala si gari lililotoka Mbezi hadi kituo cha mafuta kwenye foleni na jua la saa nane. Ukipima tairi la moto ukaona 37 kisha ukapunguza hadi 33, kesho asubuhi utakuwa na 29 bila kujua. Nunua geji yako mwenyewe, maana zile za vituoni zinaangushwa sakafuni mchana kutwa, na nimewahi kuziona mbili za kituo kimoja zikipishana kwa paundi sita kwenye tairi lilelile.

Kuhusu mzigo: tairi lako likiwa na namba 116 baada ya ukubwa wake, maana yake linaweza kubeba kilo 1,250, lakini linazibeba likiwa na upepo wa kutosha. Gari hilo likiwa tupu lina zaidi ya tani mbili na nusu, na wewe unaongeza watu saba na keria. Mimi ningeweka 35 mbele na 38 nyuma, asubuhi kabla ya kuwasha gari. Halafu ukifika Korogwe au Same, pima tena bila kupunguza chochote. Matairi ya kawaida kama hayo yakiwa yamepanda paundi nne hivi, umepatia. Yakipanda saba au nane, ujue yalianza na upepo mdogo kwa mzigo uliopo: ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na joto linajijenga ndani. Ikiwa yaliyofungwa ni yale mazito yenye herufi LT, yanahitaji upepo zaidi ya kibandiko ili yabebe uzito uleule.

Hilo joto ndilo ninaloliogopa kuliko misumari. Mwaka 2000 Firestone ililazimika kurudisha mamilioni ya matairi yaliyokuwa yamefungwa hasa kwenye Ford Explorer huko Marekani, baada ya kashata kubanduka gari likiwa mwendoni na watu wengi kufa. Katika mzozo uliofuata ilikuja kujadiliwa sana kwamba Ford ilipendekeza 26 psi ilhali Firestone ikitaka 30. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ambayo baadaye ilifanya magari mapya ya kule yawe na taa ya upepo kwenye dashibodi, lakini kwa kanuni yao inatosha taa hiyo kuwaka upepo ukiwa umepungua kwa robo. Kwa kibandiko cha 33, hiyo ni chini kidogo ya 25. Kwa hiyo anayekushauri utoke Dar na 25 kwenye lami ya moto, ukiwa na familia nzima ndani, anakupeleka pabaya, hata kama ana nia njema.

Dereva wa watalii, Karatu

Nakubaliana na mzee kwa upande wa lami. Hata hivyo fundi wako wa pancha hakukosea kabisa; alichokosea ni mahali pa kuanzia. Kutoka Arusha hadi geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, ni lami, usiguse upepo. Ukishavuka geti unaingia kwenye vumbi, na kuanzia mteremko wa kuelekea Olduvai, kupitia Naabi hadi Seronera, barabara ina mikunjo kama bati la nyumba. Ukiipita na 38, usukani unatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi, boliti za keria zinalegea, na gari linaelea juu ya mikunjo badala ya kushika njia. Kwa gari lenye mzigo wako, mimi hushusha hadi 28 mbele na 30 nyuma, na siendi kasi zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa Serengeti.

Usishuke chini ya hapo kwenye mawe ukiwa umejaza gari. Tairi laini linalikumbatia jiwe badala ya kutobolewa nalo, lakini likizidi kulegea ubavu unatokeza nje, na ubavu ukichanika hauzibwi. Beba pampu ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zinaunguza fyuzi kabla hujamaliza tairi la pili la ukubwa huo. Ukitoka Ndabaka unakutana na lami ya Mwanza na Musoma, na hapo jaza kabla ya kuongeza mwendo, hata kama zimebaki kilomita chache na watoto wamechoka.

Mwalimu wa fizikia, Arusha

Naongeza jambo moja ambalo huwachanganya wanaotoka Pwani. Geji haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi lililosoma 33 Dar lingesoma zaidi ya 36 huko juu kama joto lingebaki lilelile. Lakini alfajiri ya ukingoni inaweza kuwa nyuzi 12 wakati Dar ilikuwa 30, na kila nyuzi 10 zinazopungua huondoa kama psi moja na nusu. Mambo hayo mawili yanakaribia kufutana, ndiyo maana asubuhi geji itakuonyesha karibu kilekile ulichotoka nacho. Usishangae, wala usidhani geji ni mbovu.

Mkaazi wa Muscat

Sisi huku tukiingia mchangani Sharqiya tunashusha mipira mpaka 16 au 18, na pale Bidiyah yapo maduka kazi yao ni kutoa na kutia upepo tu. Nasema haya ili ndugu yetu asiogope kushuka hivyo akinasa kwenye mchanga wa korongo. Ashushe, atoke polepole bila kukata kona kwa nguvu, maana mpira uliolegea huweza kuchomoka kwenye rimu, kisha atie upepo palepale kabla ya kuendelea na safari.

Mwenye gari, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni nyote. Nimenunua geji, na leo saa kumi na mbili asubuhi nimepima kabla ya kuwasha gari. Matairi matatu yalisoma 44, na la nyuma kushoto 31. Nilipopaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka penye msumari mdogo uliojificha kati ya kashata. Limezibwa, na yote sasa yako kwenye 33 hadi siku ya kupakia mizigo, ndipo nitakapoweka 35 na 38. Kisha nikalala chini ya gari kupima spea inayoning'inia nyuma, ambayo sikumbuki kama niliwahi kuigusa tangu ninunue gari hili. Ilikuwa na 14.