Kasi ya miamala: kuongeza vichakataji au kugawa hifadhidata?

Muulizaji, Kampala
Ndugu wanajukwaa, chama chetu cha akiba na mikopo kina matawi Kampala, Mbarara na Gulu, na hifadhidata yote iko kwenye seva moja ambayo hulemewa kila muhula unapofunguliwa, wazazi wanapolipa karo. Tunalinganisha njia mbili: kuiongezea seva hiyo vichakataji, au kugawa data katika seva tatu zinazofanya kazi sambamba. Ipi itaharakisha miamala?

Mwanachama, Mbarara
Ndugu, naegemea kugawa, ila kwa sharti kwamba mgawanyo ufuate tawi, si namba ya akaunti. Mteja wa Mbarara akiweka fedha kwenye akaunti ya Mbarara, seva moja humaliza kazi peke yake huku nyingine zikiendelea na zake, na hapo usambamba unalipa. Uhamisho wa kwenda Gulu ni habari nyingine: mratibu, yaani programu inayosimamia muamala unaogusa seva zaidi ya moja, huiuliza kila seva kama iko tayari, husubiri majibu yote, ndipo hutoa amri ya kuthibitisha, na muda wote huo rekodi husika zimefungwa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa ruta.

Mwanachama, Jinja
Kwa heshima, natofautiana na ndugu yangu. Kabla ya kununua chochote, angalieni miamala inayosubiri inagombania rekodi ipi. Ikiwa kila malipo yanabadilisha salio la shule ileile, na kufuli, yaani zuio linaloruhusu muamala mmoja tu kubadilisha rekodi kwa wakati mmoja, hushikiliwa milisekunde 10, rekodi hiyo haitapokea zaidi ya malipo 100 kwa sekunde, hata mkiwa na vichakataji 64. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilitolea hoja jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Andikeni kila malipo kama rekodi mpya, salio lijumlishwe baadaye.

Muulizaji, Kampala
Nimeangalia, na kweli miamala mingi inasubiri akaunti ya shule moja. Je, njia hiyo inafaa pia shule inapotoa fedha?

Mwanachama, Jinja
Hapana, wakati wa kutoa, salio lazima lihakikiwe ndani ya muamala wenyewe, la sivyo fedha zitatoka mara mbili. Lakini shule hutoa mara chache, hivyo kufuli hilo halitawachelewesha. Rekebisheni hilo kwenye seva mliyo nayo, mpime upya muhula ujao, na vipimo hivyo ndivyo viamue kama seva tatu zinahitajika.